Kutembelea Istanbul kwa Usalama na Kuukwepa Msongamano wa Watalii

Anayefika Istanbul kwa mara ya kwanza hushuka kwenye tramu katika kituo cha Sultanahmet, huiona Ayasofya upande mmoja na Msikiti wa Sultan Ahmed upande wa pili, na papo hapo hujikuta katikati ya maelfu ya watu waliokuja kutazama kitu kile kile. Katika eneo hilo hilo, lisilozidi mwendo wa dakika kumi kwa miguu, wamo pia wale ambao riziki yao ni mgeni asiyeijua njia: mwenye duka la mazulia anayejifanya amekutana nawe kwa bahati, dereva wa teksi asiyewasha mita, na kibaka anayengoja mlango wa tramu ufunguke. Nimekwenda mji huo mara tatu. Safari ya kwanza nilimsindikiza mama yangu mdogo, ambaye hununua vitambaa Laleli kwa ajili ya duka lake la Kariakoo, na tangu safari hiyo nimeamini kwamba usalama wa mgeni na kuukwepa msongamano ni jambo moja. Kibaka anafuata msongamano, kwa hiyo ukipanga vizuri saa zako na njia zako umekwisha kujikinga na sehemu kubwa ya madhara kabla hujafikiria kufuli wala mkanda wa fedha.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Miezi ya Julai na Agosti ina joto na umati, na Aprili, ingawa ina maua ya tulipu yanayofunika bustani ya Emirgan, huleta wageni wengi mno mwishoni mwa juma. Mimi hupendelea Novemba na mwanzo wa Machi. Mvua hunyesha na upepo wa Bosphorus, mlango-bahari unaotenganisha upande wa Ulaya na upande wa Asia wa mji, ni mkali kwa mtu aliyezoea hewa ya pwani yetu, lakini koti zuri ni bei ndogo ya kulipia foleni fupi. Angalia pia kalenda ya Waturuki wenyewe. Jioni za Ramadhani, familia nyingi huja kufuturu kwenye uwanja wa Sultanahmet, jambo la kupendeza kulishuhudia mara moja ila si siku ya kutafuta utulivu. Tarehe 1 Mei, polisi huuzingira uwanja wa Taksim na vituo vya treni vya karibu hufungwa, hivyo usichukue chumba eneo hilo kwa siku hizo.

Kuhusu viza, masharti hutofautiana kulingana na uraia na hati ulizonazo, kwa hiyo uliza ubalozi kwanza. Ukiambiwa kwamba unaweza kuomba kwa mtandao, tovuti ya serikali ya Uturuki ni evisa.gov.tr. Zipo tovuti nyingi zilizotengenezwa zifanane nayo, ambazo hutoza fedha za ziada kwa kazi ambayo ungeifanya mwenyewe kwa dakika chache, na mbaya zaidi, hubaki na picha ya pasipoti yako. Piga chapa nakala mbili za pasipoti na viza, moja ibaki kwenye begi na nyingine kwa ndugu nyumbani, na utunze picha zake mahali unapoweza kuzifikia hata simu ikiibwa. Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu, kwa kuwa balozi za Tanzania na Kenya ziko Ankara, mji mkuu, ambao uko mbali na Istanbul kwa saa kadhaa za safari. Aliyepoteza pasipoti Istanbul hawezi kuvuka barabara na kubisha hodi ubalozini.

Mahali pa kulala ndipo wengi wanapokosea. Hoteli za Sultanahmet hukuweka karibu na majengo mashuhuri, lakini pia hukuweka katikati ya kila kitu unachotaka kukikimbia, na mikahawa iliyoko mlangoni mwako itakuwa ya bei za watalii. Ushauri wangu ni kulala upande wa Asia, Üsküdar au Kadıköy, ambako wenye mji wanaishi, wanafanya kazi na kununua mboga. Treni ya Marmaray, iliyofunguliwa mwaka 2013 na kupita chini ya bahari, hutoka Üsküdar hadi Sirkeci kwa kituo kimoja tu, na ukishuka Sirkeci, Sultanahmet ni mwendo mfupi wa mlima kwa miguu.

Kuingia mjini

Uwanja mkubwa wa ndege uko kaskazini, upande wa Ulaya, takriban kilomita 40 kutoka mji wa kale. Tangu Januari 2023 kuna treni ya M11 inayotoka hapo hadi mjini, na yapo mabasi makubwa ya Havaist yanayokwenda sehemu mbalimbali. Vyote viwili ni salama, na bei zake hazibadiliki kulingana na uso wako. Nunua kadi ya Istanbulkart kwenye mashine, kwa sababu kadi hiyo moja hutumika kwenye treni, tramu, basi na feri. Mtu akikusogelea mashineni na kunyoosha mkono akusaidie, mshukuru na uendelee mwenyewe, kwani lugha ya Kiingereza imo kwenye kioo na hakuna kubwa la kukushinda.

Ikibidi kuchukua teksi, iite kwa programu ya simu kama BiTaksi ili safari ibaki na kumbukumbu, hakikisha mita imewashwa, na ufungue ramani kwenye simu yako mahali ambapo dereva anaiona. Wakati wa kulipa, taja thamani ya noti kwa sauti kabla haijatoka mkononi mwako. Ipo hila ya zamani ambapo noti ya lira 200 hugeuka kuwa ya 20 kiganjani mwa dereva, naye hukuonyesha kwa masikitiko kwamba umekosea. Waaminifu ni wengi, na noti ikitajwa kwa sauti haimuudhi mwaminifu.

Fedha zenyewe usizibadilishe zote uwanja wa ndege. Badilisha kiasi cha kukufikisha mjini, kisha utafute maduka ya fedha ya Sirkeci au ya karibu na Kapalıçarşı, soko kubwa lililoezekwa, ambako ushindani huleta bei nzuri zaidi. Mashine ya kutolea fedha ikikuuliza kama unataka hesabu ifanywe kwa sarafu ya kwenu, kataa, kwa maana hapo utakatwa zaidi. Bei za Uturuki zimekuwa zikipanda kwa kasi kwa miaka kadhaa, kwa hiyo usigombane na mwuzaji kwa sababu ya bei uliyoambiwa na aliyekwenda mwaka juzi.

Saa ndiyo silaha ya kwanza

Tangu mwaka 2016 Uturuki haibadilishi saa zake, nazo ni zile zile za Dar es Salaam na Nairobi. Maana yake ni kwamba mwili wako hautayumba, na ukizoea kuamka alfajiri nyumbani utaamka alfajiri huko, wakati mgeni kutoka Marekani bado anahangaika na usingizi. Itumie neema hiyo. Makundi makubwa, hasa abiria wa meli za kitalii zinazotia nanga Galataport, hufika mji wa kale kuanzia saa 4 asubuhi na kutawanyika baada ya saa 9 alasiri. Kabla na baada ya hapo, mji una pumzi nyingine. Kwa wakati wa baridi kumbuka kwamba mwezi Januari jua huchelewa kuchomoza hadi baada ya saa 2 asubuhi, kwa hiyo saa 1 asubuhi ni giza, na vichochoro havijaamka.

Kasri la Topkapı hufunguliwa saa 3 asubuhi, na Jumanne halifunguliwi kabisa. Fika kabla mlango haujafunguliwa, na ukiingia usisimame kwenye ua wa kwanza pamoja na wote, bali nenda moja kwa moja kwenye vyumba vya Harem, walimoishi wanawake wa nyumba ya sultani, ambavyo baadaye hujaa hadi mtu akakosa pa kugeukia, halafu urudi kwenye nyua taratibu. Kapalıçarşı hufungwa Jumapili. Asubuhi ya siku ya kazi, wakati wenye maduka wanakunywa chai yao ya kwanza, utapata mtu wa kuzungumza naye, lakini alasiri ya Jumamosi utapata mabega ya watu tu.

Ayasofya inahitaji maelezo zaidi. Jengo hilo lilikamilika mwaka 537 likiwa kanisa, likawa msikiti mwaka 1453, makumbusho katika karne iliyopita, na msikiti tena mwaka 2020. Tangu Januari 2024 watalii wa kigeni hulipa na kupandishwa kwenye roshani za juu kwa mlango wao, ilhali ukumbi wa chini ni wa wenye kuswali. Foleni ya watalii ni ndefu, na Ijumaa wageni huzuiwa hadi swala ya Ijumaa imalizike. Msomaji Mwislamu anayekwenda kuswali aende kwenye mlango wa waswali kwa wakati wa swala, akiwa na udhu wake na nia yake. Ila asiufanye mlango huo kuwa njia ya kukwepa malipo, kwa sababu walinzi wanatofautisha, na heshima ya mahali ni kubwa kuliko tiketi. Kina mama wabebe khanga moja mkobani, nayo itatosha kwa kila msikiti.

Hata hivyo, nitasema wazi kwamba anayetafuta utulivu asiianze safari yake Ayasofya. Chini ya kilima hicho hicho upo msikiti wa Küçük Ayasofya, yaani Ayasofya Mdogo, uliojengwa kama kanisa katika zama za mfalme Justinian kabla ya ule mkubwa kukamilika. Hauna malipo, una ua wenye miti, na nilikaa humo karibu nusu saa tukiwa watu watatu. Juu ya kilima kingine umesimama Msikiti wa Süleymaniye, kazi ya mjenzi Mimar Sinan, uliokamilika mwaka 1557. Panda huko saa 2 asubuhi, uzunguke nyuma ya msikiti hadi kwenye ukuta mfupi wa bustani, na utaiona ghuba ya Haliç yote chini yako, feri zikipishana na moshi wa mabomba ya nyumba ukipanda polepole. Sijapata mahali pengine mjini humo ambapo ukubwa wa Istanbul unaonekana wote kwa mara moja bila kusukumwa na mtu.

Kisha vuka maji. Watalii wengi hununua safari za boti zenye muziki na kipaza sauti, wakati feri za kawaida za mji hutoka Eminönü kwenda Kadıköy na Üsküdar kutwa nzima kwa bei ya kadi ile ile. Aliyezoea kuvuka Kigamboni kwa pantoni ataelewa mara moja: ni watu waliotoka kazini, mikoba ya sokoni, wanafunzi. Kaa nje upande wa kulia unapotoka Eminönü, nunua chai inayoletwa katika bilauri ndogo yenye kiuno chembamba, ishike kwenye ukingo wa juu kwa vidole viwili maana chini inaunguza, na utazame shakwe wakidaka vipande vya mkate wa simit hewani, hatua chache tu kutoka usoni pako. Safari ni ya dakika ishirini hivi. Ukishuka Kadıköy, ingia katika soko la samaki na zeituni, kisha utembee hadi ufuko wa Moda. Siku nyingine nenda Kuzguncuk, mtaa wa nyumba za mbao wenye bustani ya mboga katikati, ukijua kwamba siku za kazi ndizo tulivu.

Utulivu ninaousifu ni ule wenye watu wa mtaa ndani yake. Mahali patupu ni jambo jingine kabisa. Sehemu za kuta za kale za mji, karibu na Edirnekapı, zina vipande visivyo na mtu ambavyo sishauri kuvipitia jioni wala peke yako, na vivyo hivyo mitaa ya Tarlabaşı usiku, ingawa iko hatua chache kutoka barabara ya İstiklal inayong'aa taa. Kipimo changu ni rahisi: nikiona watoto wanacheza na wazee wamekaa barazani, naendelea, nikiona milango imefungwa na hakuna sauti, narudi nilikotoka.

Hila za mitaani

Kwenye tramu ya T1 na katika İstiklal siku za Jumamosi, simu ikae mfuko wa mbele na mkoba kifuani. Barabara ya İstiklal ilipata shambulio la bomu mwezi Novemba 2022 ambapo watu sita waliuawa, na tangu hapo mimi huipita asubuhi, nikiwa na jambo la kufanya, wala sikai katikati ya umati wake usiku. Siku ya maandamano ya aina yoyote, geuka na uondoke, na usipige picha za polisi.

Hila ya brashi nilikutana nayo mwenyewe karibu na daraja la Galata. Mng'arisha viatu alinipita akiwa na sanduku lake begani, brashi ikadondoka na kugonga jiwe, naye akaendelea kutembea. Niliiokota, nikamkimbilia, nikamwita. Aligeuka akiwa na furaha kama mtu aliyerudishiwa mtoto, akanishika mkono, akasema ni lazima anishukuru kwa kunisafishia viatu. Nilikuwa nimevaa raba za kitambaa. Aliinama, akazipaka maji ya sabuni, huku akinisimulia habari za mwanawe aliyelazwa, na alipomaliza akataja bei ambayo ingenilisha siku mbili. Mwenzake alikuwa amekwisha kusimama nyuma yangu. Mama mdogo alirudi kunitafuta, akatazama viatu, akatazama sanduku, akaweka sarafu chache juu ya sanduku na kuniambia, "Baba, twende." Tukaenda, na hakuna aliyetufuata. Dakika kumi baadaye tulimwona upande wa pili wa daraja, na brashi ikadondoka tena. Ukiiona imeanguka, iache ilipo.

Ya hatari zaidi ni hila ya urafiki wa usiku, ambayo huwapata hasa wanaume wanaotembea peke yao Taksim na Beyoğlu. Mtu nadhifu, mwenye maneno mazuri, hukuuliza jambo dogo, hujitambulisha kuwa naye ni mgeni kutoka mji mwingine, na kabla ya muda mrefu hupendekeza mahali anapopajua. Mkishaketi, wanawake huletwa mezani, vinywaji hufika bila kuagizwa, na hatimaye huja hesabu ya mamia au maelfu ya yuro, pamoja na walinzi wa kukusindikiza hadi kwenye mashine ya fedha. Kinga ni moja: mahali pa kukaa pachague wewe. Aliyekwisha kunaswa asipigane ndani. Alipe kinachomtoa akiwa mzima, akariri jina na mahali, kisha aende polisi wa utalii, wenye ofisi yao Sultanahmet. Namba ya dharura kwa mambo yote, polisi, zimamoto na gari la wagonjwa, ni 112. Naongeza kwa uzito kwamba pombe ya magendo yenye methanoli imeua watu wengi Istanbul katika miaka ya karibuni, hivyo chupa ya bei ya kutupa au isiyo na muhuri isiguswe.

Kwenye mkahawa, omba orodha yenye bei kabla ya kukaa, hasa kwa samaki wanaouzwa kwa uzito. Hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko unavyodhani, maana Waturuki nao walichota kisima kile kile cha Kiarabu: hesabu wanaiita hesap, dakika ni dakika, sabuni ni sabun, na karafuu kwenye soko la viungo la Mısır Çarşısı ni karanfil. Ukisema "hesap, lütfen", yaani hesabu tafadhali, kwa sauti ya mtu aliyezoea, mhudumu hukutazama kwa namna nyingine.

Kwa Mwafrika kuna jambo la ziada. Maeneo ya Laleli, Aksaray na Kumkapı, wanakoishi na kufanya biashara Waafrika wengi, polisi hukagua hati za wageni mara kwa mara, na wageni hutakiwa kuwa na hati zao. Tembea na pasipoti yenyewe katika mfuko wa ndani wenye zipu, ujibu kwa upole, na usikimbie hata kama kundi zima linakimbia. Lakini wapo pia matapeli wanaojifanya polisi wa kiraia na kudai kuona fedha zako ili wazikague kama ni bandia. Omba kitambulisho, usitoe pochi, na sema kwamba uko tayari kwenda nao kituoni kwa miguu. Polisi wa kweli hana haja ya kuzishika noti zako barabarani, na tapeli hataki kwenda kituoni.

Tetemeko la ardhi

Mji huu uko karibu na ufa mkubwa wa ardhi unaopita chini ya Bahari ya Marmara. Tetemeko la Agosti 1999, mashariki mwa mji, liliua zaidi ya watu 17,000, na tarehe 23 Aprili 2025 Istanbul yenyewe ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 6.2, ambapo watu wengi walioumia waliumia kwa kuruka kutoka juu kwa taharuki. Ukihisi mtikisiko, inama, jifunike chini ya meza imara na uishikilie hadi mtikisiko utulie, ndipo utoke kwa ngazi. Siku ya kwanza hotelini, tafuta mtaani kibao cha kijani kilichoandikwa "toplanma alanı", yaani mahali pa kukusanyikia.

Siku ya kurudi

Funga begi lako mwenyewe, chumba kikiwa kimefungwa. Mtanzania au Mkenya mwenzako uliyemfahamu juzi Laleli atakuja na kifurushi kidogo cha kumpelekea dada yake, na itakuwa vigumu kumkatalia kwa sababu ya lugha moja na ukarimu wa nyumbani. Mkatalie. Sheria za Uturuki kuhusu dawa za kulevya ni kali, na kesi huwa ya aliyekutwa na mzigo. Usibebe pia sarafu za kale, vigae vya zamani wala kipande cha jiwe ulichookota kwenye magofu, kwa kuwa kutoa mambo ya kale nchini humo ni kosa la jinai. Zulia ulilonunua liwe na risiti inayotaja umri wake. Kisha toka saa nne au tano kabla ya ndege kuondoka, kwa treni kama begi ni moja, na kwa basi la Havaist kama mama mdogo amenunua vitambaa.